Siku Mbili Kabla ya Kliniki

Nakumbuka Ijumaa moja nilipompeleka shangazi yangu, Bi Mwanaisha, kliniki ya kisukari. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nikijiona najua kuliko wauguzi. Nakusimulia kosa langu, mwanangu, kwa sababu juzi nilikuona ukiikunja karatasi yako ya kipimo cha sukari ili nisiisome.

Shangazi alinilea hapa Chumbageni tangu mama yangu alipofariki. Alishona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, na macho yake ndiyo yaliyotulisha. Aliogopa kitu kimoja tu, sindano ya insulini. Jirani yetu alianzishiwa sindano akiwa amekwisha chelewa, akafariki baada ya mwezi, na shangazi akaamini sindano ndiyo iliyomuua.

Kwa kumpenda, nikamtafutia njia ya kuikwepa. Mwezi wa Mfunguo Mosi, alipokuwa anafunga zile siku sita za sunna baada ya Ramadhani, alikwenda kliniki akachomwa kidole, sukari ikaonekana imeshuka. Nikaandika kwenye daftari langu. Kuanzia hapo tukawa na utaratibu: mwezi mzima ale apendavyo, chai ya vijiko vinne, kaimati na tende, Jumatano jioni aanze mchicha, Alhamisi afunge, Ijumaa asubuhi twende. Hata funga ya sunna niliitumia kwa hila, na mpaka leo naomba msamaha kwa hilo. Daktari alimsifu kwa karibu miaka miwili, nami nikajisifu.

Ijumaa ile tulimkuta muuguzi mgeni, mama wa makamo kutoka Muheza. Kidole kilitoa jibu zuri kama kawaida, lakini akavuta na damu ya mkononi akaipeleka maabara. Tuliporudi kuchukua majibu, yalikuwa mabaya sana. Nikabisha. Nilisema mashine imeharibika, nikamfungulia daftari langu. Akalipekua polepole, ukurasa kwa ukurasa.

"Daftari lako safi, baba," akasema. "Lakini ni la Ijumaa tupu. Jumapili shangazi yako hana damu?"

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. "Muulize huyo mwenye ratiba. Mimi mfungwa wake tu."

Muuguzi hakucheka. Alituuliza kama tumewahi kuacha maziwa yenye sukari motoni mpaka yakageuka rangi ya kahawia. Sukari hushikana na protini ya maziwa, akatueleza, na mwilini hutokea jambo la namna hiyo, ila moto wake ni mdogo na unawaka miaka. Chembe nyekundu za damu huishi miezi mitatu hivi, na sukari iliyonata kwenye chembe hizo haitoki kwa kufunga Alhamisi moja. Kipimo kile kilikuwa kimesoma miezi mitatu yote, na chai zake zote.

Baadaye nilijisomea mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka nikaelewa. Chembe za damu hufa zikaja mpya, lakini protini nyingine hukaa nasi muda mrefu. Za katikati ya kioo cha jicho, yaani lenzi, ni zile tulizozaliwa nazo. Sukari ikinata kwenye protini hizo, kioo huingia ukungu. Ikinata kwenye kuta za mishipa, mishipa hukakamaa, na figo na miguu huumia. Hali hii hutupata sote tunapozeeka, taratibu. Sukari ikiwa juu kila siku, uzee huo huja mbio.

Shangazi alikuwa amekwisha lalamika kwamba tundu la sindano ya kushonea limepotea. Nilimwambia anunue miwani. Alipopimwa, jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, wakalipasua likapona. La kushoto, mishipa ya nyuma ilikuwa imevuja siku nyingi. Kuona kwake hakukurudi.

Akaanza insulini, akaishi nayo miaka kumi na mmoja, akijichoma mwenyewe huku akinitania kwamba inauma kidogo kuliko mchicha wangu. Hakunilaumu. Mara moja tu aliniambia, "Tulimdanganya daktari, baba. Sukari hatukuidanganya."

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa uje kliniki na njaa, nenda na njaa, lakini usiyageuze maisha yako siku mbili ili upate karatasi nzuri. Nenda na mwezi wako ulivyo. Punguza sukari Jumamosi ambayo hakuna anayekupima, kunywa dawa siku unayojisikia mzima, na omba wayatazame macho yako kila mwaka kabla hayajakusumbua. Wakikuandikia sindano, pokea. Na karatasi mbaya ikija, nionyeshe. Sitakugombeza, na njia ya kuificha sitakutafutia, maana nakupenda.

Mwenyezi Mungu akujaalie uzee, na akujaalie mwili wa kuubeba.