Khaloo Huonja Mwanzo

Khaloo, dada yake mama, hana mchezo na wageni. Mwanawe, binamu yangu, alipooa Ujerumani, mama wa bibi harusi hakuja hata kwenye nikaha. Alisema wazi kwamba yeye hawafahamu watu hawa. Jambo hilo lilimkaa Khaloo rohoni kwa muda mrefu. Kwa hiyo wakwe walipokubali hatimaye kuja Maskati, nyumba yake ya Bawshar ilipakwa rangi upya, na mimi nikatumwa madukani Hamriya kununua vikasha vya kutilia halua. Nilichagua vizuri kabisa, vyekundu, vyenye neno la Kiingereza kwa herufi za dhahabu: Gift. Yaani zawadi. Nani angeona ubaya?

Mama mkwe alipokea chake, akasoma, akakirudisha mezani polepole, uso umemkauka. Binamu yangu akashika kichwa. Kwa Kijerumani neno hilo hilo ni sumu! Baba mkwe, ambaye ni Mswidi, akacheka, akasema kwao pia ni sumu, na tena ndivyo anavyoitwa mtu aliyekwisha kuoa. Hakuna mwingine aliyecheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Khaloo akauliza kuna nini, akaelezwa. Wala hakubabaika. Nyumbani kwake mgeni hali kitu kabla mwenyeji hajaonja. Mama yake alifanya hivyo Unguja, naye hufanya hivyo hata kwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Sisi watoto tulikuwa tukimtania kwamba ni uroho tu. Akakifungua kikasha cha mkwe, akamega halua kwa vidole, akatia mdomoni.

"Mwambie mkwe wangu, nnaanza mie. Ikiwa sumu, nife mie mwanzo, yeye arudi salama kwa mwanawe."

Binamu akatafsiri. Yule mama alimtazama Khaloo, kisha akanyoosha mkono, akamega pale pale alipomega yeye. Nampenda Khaloo siku zote, lakini siku ile nilimvulia kofia.

Siku yao ya kuondoka, mama mkwe alitualika chai hotelini kwake. Keki ikaletwa. Kabla yeyote hajagusa, alikata kipande, akala mwenyewe huku akimtazama Khaloo, ndipo akamsogezea sahani.

Khaloo alilia mbele ya watu, na keki akaimaliza.