Tairi Mpya Mbele

Miaka yote ya shida Zubeiri wa Pongwe hakuwahi kupindua gari, na miaka hiyo tairi ilikuwa haipatikani hata kwa dawa. Lazima uwe na kibali, na kibali chenyewe ukikipata unaambiwa tairi zimekwisha, rudi mwezi ujao. Madereva walikuwa wanachukua tairi kipara, wanatia kisu motoni, wanachonga upya kashata, ile michoro ya kushikia barabara, kwenye mpira uliobaki. Penye tundu wanapachika kwa ndani kipande cha tairi kuukuu. Hivyo ndivyo Zubeiri alivyokuwa anaendesha Pijo ya Mustansir Dharsi, mwenye duka la vyuma mjini, anayekaa Raskazone. Hakuna aliyesikia kaingia mtaroni.

Njia yake ilikuwa ya kila dereva wa Tanga: tairi nzuri iende mbele. Mbele ndiko kwenye usukani. Ya mbele ikipasuka umekwisha. Ya nyuma ikipasuka unasimama, unatukana, unatoa jeki. Kwa barabara ile ya mashimo, mwendo wa punda, hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha.

Kilichokuwa kinamkaa kooni ni kingine. Binti yake Najat kaolewa Muheza, na kijana anaitwa Safari. Mimba ya kwanza ilipombadilikia, Pijo ilikuwepo uani kwa Mustansir, lakini imekaa juu ya matofali, tairi zote zimekufa. Mpaka lipatikane lori la mkonge la kumbeba, mtoto keshafia tumboni. Toka hapo Zubeiri akawa na neno moja tu. Ukikaa naye utalisikia: "Ya pili nampeleka mwenyewe."

Ikaja ruksa ya kuleta vitu kutoka nje. Vitu vikaanza kushuka bandarini, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na Mustansir akapata tairi mbili kutoka Dubai. Zilikuwa za waya ndani, siyo za nailoni kama zile kuukuu. Najat naye alikuwa mjamzito tena.

"Mbili tu, tajiri?" Zubeiri aliuliza.

"Mbili kwanza. Nne za nini, kwani gari ina usukani mbili?"

"Basi mbele."

"Mbele, ndiyo. Nani anaweka mpya nyuma?"

Mafuta yalikuwa yameanza kupatikana, mashimo ya njia kuu yamezibwa, na watu wakajifunza kukimbia. Zubeiri akawa hana maneno mengine. Ati usukani umekuwa mwepesi, anauelekeza kwa kidole. Akifika themanini mkia ulikuwa unacheza kidogo, yeye akasema ni upepo.

Ujumbe ulimfika mchana mmoja wa masika: Najat anatokwa na damu. Mustansir alimpa ufunguo bila kuuliza. Kufika Muheza wakamlaza Najat kiti cha nyuma, kichwa juu ya kanga zilizokunjwa, Safari akakaa mbele na baba mkwe. Mvua inanyesha, hospitali kubwa iko mjini.

"Baba, pole pole," Najat akasema.

"Mama, pole pole ndiyo iliyotuua mara ile."

Karibu na kufika Pongwe kuna kona, na siku ile maji yalikuwa yamekatiza lami. Zubeiri aliyaona. Hakukanyaga breki, alitoa mguu tu kwenye mafuta, kama mtu mwenye akili. Safari alinihadithia baadaye: "Usukani ulikuwa mikononi mwake, haukumponyoka. Tulikuwa tunatazama Tanga, mara tukawa tunatazama Muheza tulikotoka."

Gari iliruka mtaro ikajikita ubavu kwenye tuta la mkonge. Zubeiri alivunjika mtulinga. Safari alichanika uso. Najat walimwahisha watu wa basi lililokuwa nyuma yao, akapona yeye. Mtoto hakupona.

Watu walisema mvua. Wengine wakasema kona ile ina wenyewe. Mustansir hakumfukuza Zubeiri, alimwambia apumzike, na mapumziko yale hayakwisha. Najat alirudi Muheza, na kwa baba yake hakukanyaga tena.

Mimi nilikuwa nashinda pale Pongwe, shule nimeacha, kazi sijapata. Pijo iliponyooshwa na kutoka gereji, Zubeiri aliomba aijaribu kabla ya kuirudisha, akaniambia nipande. Tulikwenda kwenye uwanja mmoja mpana wa kuanikia mkonge, mvua imetoka kunyesha. Kwanza akaizungusha kwa kasi, tairi mpya zikiwa mbele kama zilivyokuwa, akatoa mguu. Mbele ikang'ang'ania chini, nyuma ikaondoka, tukazunguka kama pia. Akashuka, akapiga jeki. Mpya zikaenda nyuma, kuukuu zikaja mbele. Akarudia vile vile. Mara hii pua ya gari ikawa inakataa kukata, inatoka nje ya duara, lakini usukani unasema kabla, na ukipunguza mwendo inakurudia.

Alizima gari. Halafu akasema, "Mbele ilikuwa inashika, basi mimi nikajua gari yote inashika."

Alikwenda kuwaambia wenzake stendi. Sabiri, dereva wa teksi, ndiye aliyemjibu. "Mpya nyuma? Sasa Zubeiri, wewe ulikuwa unaendesha kinyumenyume?" Watu walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Zubeiri hakuwaambia tena.

Akafungua kijiwe cha tairi kando ya njia pale Pongwe, mimi nikawa msaidizi wake. Ukimletea mbili mpya anafunga nyuma, na ukitaka mbele anakuambia nenda kwa mwingine. Wengi walikwenda kwa mwingine. Kuna siku tulishinda hapo hatujaziba hata pancha ya baiskeli.

Mwaka uliofuata Safari akaja na pikapu ya kubebea machungwa. Najat alikuwa kakaa ubavuni mwake, tumbo limeshakuwa kubwa, anatazama upande wa pili wa barabara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hali zenu?"

"Nzuri. Hizi mbili, nifungie mbele."

"Nyuma," Zubeiri akasema.

"Baba, siku ile ilikuwa mvua."

"Na masika yaja. Nyuma, ama nenda kwa mwingine."

"Haya, nakwenda kwa mwingine." Safari akazitupa tairi kwenye bodi, akawasha gari.

Najat akafungua mlango. Akashuka kwa taabu, akaja kukaa kwenye benchi letu.

"Panda twende, Najat."

"Zifungwe nyuma kwanza."

"Wewe mambo ya tairi unayajulia wapi?"

"Nyinyi mlikuwa mbele," Najat alisema. "Mimi nilikuwa nimelala nyuma. Huko nyuma ndiko kulikoondoka kwanza."

Safari akazima gari. Akashuka, akazitoa tairi kwenye bodi.

Zubeiri alifanya kazi ile bila kuinua kichwa. Alikaza nati, akazirudia, akazirudia tena mpaka Safari akamwambia basi. Najat akainuka, akampita baba yake bila salamu, akapanda. Gari ikatoka pole pole kushika njia ya Muheza. Zubeiri alisimama na spana mkononi, anaitazama mpaka ilipoikata ile kona.