Kibao cha Chumba Nambari Nne

Watu wa Mjambere wakiulizwa Mbeyu hufanya kazi gani, kila mmoja ana jibu lake. Muuza maji husema anatengeneza simu. Jirani yao Margret, mtu wa kanisa ambaye hasemi uongo ila kwa bahati mbaya, husema anafundisha Wazungu. Mimi nilimuuliza mwenyewe, maana miguu yangu hunifikisha kwao mara mbili tatu kwa wiki, na chai ya mama yake haina ubahili wa tangawizi.

“Babu,” akaniambia, “kompyuta kubwa ni kama nyumba hii ya mama.”

Nyumba yenyewe ina vyumba tisa na ujia mwembamba katikati. Mbeyu anafanyia kazi katika kile cha mwisho, vingine ni vya kupangisha. Kila mpangaji huja na kufuli lake. Mama Mbeyu hana ufunguo wa mtu, wala hautaki. “Nisije nikaambiwa nimeonja sukari ya watu,” husema. Mpangaji akihama, hutundika kibao cha chumba chake kwenye msumari mlangoni pa jikoni, na mama akikiona hujua chumba kiko wazi. Ndivyo ilivyokuwa tangu marehemu mumewe ajenge.

“Sasa ndani ya kompyuta kubwa,” Mbeyu akaendelea, “mna kompyuta ndogo ndogo zisizoshikika kwa mkono, zimeundwa kwa maagizo tu. Kila moja imepanga nafasi katika kumbukumbu ya ile kubwa. Na hizi zangu zina makufuli: zinachoandika hugeuka maandishi ya siri, hata mwenye nyumba hawezi kuyasoma. Mimi naandika kile kiini cha ndani kabisa, kinachogawa nafasi na kuzipokea tena wapangaji wakiondoka.”

“Kwa hiyo wewe ni mama yako.”

“Ndani ya kompyuta, naam.”

Sikushangaa sana. Alipokuwa na miaka minane aliifungua redio ya baba yake kuona sauti inalala wapi. Baba hakusikia habari mwezi mzima, akawa anakuja kwangu kuniuliza.

Mwaka huu Mbeyu alipata kazi ya majaribio ya miezi mitatu kwa kampuni ya ng'ambo. Walimpa tatizo moja: ile kompyuta kubwa ilikuwa ikizimika ghafla, wakati mwingine, pindi kompyuta ndogo inapoondoka. Alitafute kosa kabla ya miezi kwisha. Akilikosa, kazi apewe mwingine. Ilipofika Alhamisi ya mwisho alikuwa bado. Mama akimwita huitika “abee” bila kugeuza shingo, na chai yake iliganda utando juu. Muda aliopewa ulikuwa unaisha Ijumaa saa kumi jioni.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, nikiwa pale na kikombe changu, akaja Winfred, msusi, akihama kutoka Mikindani, na mkokoteni umebeba kitanda, godoro na kioo kikubwa. Mama Mbeyu akatazama msumari, akatoa kibao kwa madaha.

“Nambari nne, mwanangu. Justus amehama jana.”

Kitanda kikaingizwa ujiani. Mara Winfred akasema, “Mama, hapa kuna kufuli.”

“Haiwezekani. Kibao si hicho mkononi mwako?”

“Basi nilale juu ya kibao?”

Mwenye mkokoteni alijaribu kukigeuza kitanda kitoke, kikanasa ukuta hadi ukuta. Hapo hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Mpangaji mmoja mwenye taulo tu kiunoni, safari yake ya bafuni ikaishia kwenye mbao za kitanda.

“Mama, mimi nachelewa kazini!”

“Ruka!”

“Na hii taulo?”

Mama Mbeyu akampigia Justus simu, akaweka sauti nje watu wote tusikie.

“Mama, kufuli lina kutu,” Justus akasema. “Nilishatoa vitu nikafunga; kurudi kulitoa, ufunguo ulizunguka tu. Na gari lilikuwa linanisubiri.”

“Kufuli limekataa kufunguka, na kibao ukatundika?”

“Si ndiyo desturi, mama? Ukihama, unatundika.”

Mlango wa mwisho ukafunguka. Mbeyu akatoa kichwa.

“Mama, sema tena.”

“Niseme nini?”

“Ulivyomwambia Justus.”

“Nimemwambia kufuli limekataa na yeye katundika kibao, mpumbavu huyu.”

Mbeyu akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akajifungia ndani.

Baadaye alinieleza. Kile kiini kilikuwa kikiagiza kufuli lifunguliwe, kisha kinatundika kibao bila kusubiri jibu. Siku nyingi kufuli hufunguka. Siku likikataa, nafasi hupewa mgeni ikiwa bado imefungwa, na nyumba nzima inakwama. Sasa amekifundisha kusikiliza jibu: kufuli likikataa, kibao kisitundikwe, nafasi ile isipewe mtu mpaka kompyuta yote izimwe na kuwashwa upya.

“Hiyo si hasara?” nikauliza.

“Ya chumba kimoja, babu. Wa vile vinane wanaoga.”

Kitanda kilifunguliwa vipande ndipo kikatoka, usiku Winfred akalala chumba cha Mbeyu, na mchana wa Ijumaa alikuwa akimsuka huku kompyuta ikijaribiwa. Haikuzimika hata mara moja. Justus naye akaja na msumeno wa chuma, akakata kufuli huku mama amemsimamia. Mama akasukuma mlango, akachungulia kila pembe, akatundika kibao, akakitoa papo hapo, akampa Winfred.

Saa kumi kasoro dakika chache Mbeyu akatoka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima.

“Wamekubali, mama. Kazi ni yangu.” Akamsogelea. “Na kuna desturi, chini ya marekebisho huandikwa jina la aliyeliona kosa. Nimeandika lako. Kadzo Nyale.”

Mama akafuta mikono kwa leso, polepole.

“Na Justus umemwandika?”

“La.”

“Vizuri,” akasema, akaenda kuongeza maji ya chai.