Tope Alilolisemea Mama

Mimi ni mtu wa kujibu haraka. Hiyo ndiyo ila yangu, na mama aliijua. Siku ya mkutano wa bwawa kijijini kwetu nilitoka mjini, dukani kwangu Mlandege, nikakaa mstari wa mbele. Walitaka kuuzuia mto kule juu bondeni, ili mpunga upate maji hata kiangazi. Sote tuliona ni jambo la heri. Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akauliza, "Na tope letu la pwani litatoka wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikasema kwa sauti, "Ala! Mama, tope nalo mali?"

Akaketi. Hata nyumbani hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Pale mto unapoingia baharini kila mwanamke wa kwetu ana shimo lake la makumbi. Unayafunga makumbi ya nazi ndani ya wavu, unayafukia topeni, unapanga mawe juu, bahari inapanda na kushuka kwa miezi. Yakishalainika unayachimbua, unayaponda, unapata usumba wa kusokotea kamba. Yananuka hayo! Harufu ile ikishaingia kwenye kanga, sabuni haina kazi. Na shimo la mtu haliguswi. Hata mwenyewe akifa, linamngoja mwanawe.

Bwawa likajengwa. Mpunga ulistawi, nisiseme uongo, na mama mwenyewe aliula. Lakini mto uliokuwa ukishuka mwekundu wakati wa masika sasa ukaleta maji matupu, udongo wote umetua bwawani. Tangu enzi mawimbi yalikuwa yakila pwani, mto ukirudisha. Sasa yalikula tu. Mimi niliyekuwa mjini sikuona kitu.

Mama akanipigia simu. "Mwanangu, makumbi yameiva na mgongo hautaki. Njoo unichimbulie."

"Nnakuja, mama. Ijumaa inshallah."

Ijumaa hiyo dukani kulijaa wateja. Ya pili ilinyesha mvua. Kabla ya Ijumaa ya tatu tulimzika.

Baada ya hitima sikuweza kuligusa lile shimo. Mikono ya mwisho kuingia mle ilikuwa yake. Nikajiambia topeni hakiharibiki kitu, nitakuja tu. Kila mtu kwetu angesema hivyo, maana tope lile lilitunza makumbi ya bibi zetu. Masika yakapita, na mengine tena.

Kisha harufu ikaanza kunifuata. Niko jikoni kwangu Kiembe Samaki, nakaanga samaki, mara harufu ya makumbi hiyo. Mume wangu hasikii kitu. Nilifua mapazia, nikamwaga dawa chooni, ikarudi. Niliogopa, wallahi niliogopa. Siku moja nikajikuta naitikia, "Naam, mama." Kesho yake asubuhi nikapanda gari.

Pwani nilimkuta shoga yake mama, amekaa juu ya jiwe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu."

Sikuitambua pwani. Tope limeondoka, mwamba uko wazi, mikoko imesimama juu ya mizizi kama watu waliopandisha nguo wavuke maji. Mawe ya mama niliyajua, yametawanyika. Wavu ulikuwa umenasa kwenye mzizi, chini umechanika wote. Juu, fundo lake lilikuwa limekaza vilevile. Nilijaribu kulifungua kwa kucha, kisha kwa meno, nikashindwa, nikalia.

"Yangu yalikwenda mwaka jana," akasema yule bibi. "Ya mamako tuliyapangia mawe mara tatu, tukijua utakuja. Tope la kuyafukia ndilo halikuwepo."

Nikapanda juu mpaka bwawani, wavu mkononi. Tope letu lilikuwa huko, jekundu, limejaa karibu na ukingo. Wanaume walikuwa wakilizoa kwa majembe na kulitupa kando. Mmoja akaniuliza nataka nini.

"Tope," nikasema.

Akacheka. "Chukua utakalo, dada. Kwani tope ni mali?"

Wenzake nao wakacheka. Mimi mwenye kujibu haraka nikauweka wavu chini, nikatandika kanga yangu, nikaanza kulichota kwa mikono.