Mukeba Aliyenifukuza Mpaka Bukavu

Harufu ya ndagala zikikauka juu ya mchanga wenye moto hainiachi nipite. Hata leo, na mvi zangu, nikiinusa tu mahali popote narudi Kilibula, mtaa wetu wa Uvira kando ya ziwa, kwenye ua wetu, nimechuchumaa kando ya tate nikigeuza samaki hao wadogo na kufukuza kuku.

Tate alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Kwa desturi yetu babu aliniita "bibi yangu mudogo", basi tate, mwenye bwana, aliniita mukeba, yaani mke mwenza, nami nilimwita vivyo hivyo. Tulimgombania babu tangu nijue kutembea. Nikimpelekea maji ya kunawa, tate alinguruma: "Muangalie huyu mukeba, ameanza ujanja yake!" Nami, mtoto wa haya niliyeshindwa hata kuitikia salamu ya padiri, kwa tate tu nilijua kujibu.

Wakati ninaousema, uasi uliozuka baada ya uhuru ulikuwa umetulia. Tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Rurambo tulikokimbilia. Nyimbo za uhuru bado tuliziimba shuleni, lakini baba alikuwa amepoteza nyavu zake zote, na usingizi pia. Nilikuwa namaliza darasa la pili la sekondari, na masista walitutaka tuchague seksio, yaani mkondo wa masomo. Ile fupi ya ualimu ilikuwa palepale Uvira: miaka miwili tena, unapewa darasa la watoto, basi. Ile ndefu ilikuwa Bukavu, kulala bwenini, miaka minne tena, na hiyo peke yake ndiyo iliyofungua mlango wa universite.

Nilitaka ile ndefu. Kule Rurambo niliona mdogo wangu akiwaka homa na sisi wote tukimtazama tu. Alipona kwa rehema ya Mungu, lakini tangu siku ile nilitamani kusomea udaktari. Hayo niliyaandika kwenye kaye yangu ya shule, mdomo ukakataa kuyasema. Nilimwambia tate peke yake, tukigeuza ndagala. Alifukuza kuku.

Jioni, tukila bugali uani, baba akasema, "Nimewaza. Atasomea hapa hapa Uvira. Barabara ya Bukavu iko mubaya, na vita ikirudi atabakia mikono mitupu. Kidogo chenye kiko mu mukono ndiyo chako."

Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu, na hofu ya baba mtoto atajibu nini?

Ndipo tate akarudisha tonge sahanini.

"Hapa hapa? Huyu mukeba? Miaka miwili tena ya kula ndagala ya bwana yangu, na kisha apewe darasa pembeni ya nyumba yangu? Minye nimekataa! Mumutume Bukavu. Akimaliza Bukavu, mumusukume mpaka Kinshasa, kwenye hiyo universite yao. Nipumue!"

"Bibi mudogo akienda," babu akalalamika, "nani atanikuna mugongo?"

"Minye niko na makucha."

Tulicheka mpaka mama akakohoa bugali. Baba naye alicheka, halafu akamtazama mama yake.

"Mama, kweli unamufukuza?"

"Namufukuza. Na weye utamutafutia kamyo ya muchele, yenye shofere mwenye akili."

Kwetu, mtu anayekasirikia utani hujiaibisha mwenyewe. Baba alinawa mikono, akasema polepole, "Basi, mukeba amesema."

Siku ya safari tate hakutoka kuniaga. Alinitumia kifurushi cha majani ya mugomba, na maneno: nisirudi upesi. Kamyo iliposimama njiani, Luberizi, kupakia mchele, nilikifungua. Ndani mlikuwa na ndagala, zile kubwa, na kila moja imetolewa kichwa. Hiyo ni kazi ambayo tate alimfanyia babu tu, kwa sababu meno ya babu yalikuwa mabovu. Nilizila nikiwa bado nimemnunia kwa kutoniaga.

Sikujua. Nilikuwa nimeshavaa koti jeupe la wodini, na tate ameshalala udongoni, ndipo nilipoelewa kwamba mama hawezi kumpinga mwanawe mbele ya wajukuu, wala mtoto hawezi kumpinga baba. Mukeba peke yake ndiye aliyeweza kusema lolote kwa utani, na asiwepo aliyeshindwa. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba, kamyo ilipoondoka, tate alikaa nyuma ya nyumba akilia, na kuku wakala ndagala zote.