Bwana Nil na Kikombe cha Chai

Chekeni tu, mimi mwenyewe nishacheka hadi nikalia, maana aibu hii sina wa kumsingizia. Siku ya kuomba kazi ya kugawa chai hospitalini, huko Parklands, niliulizwa kama najua kusoma Kiingereza, nami nikajibu "Yes!" kwa sauti kubwa (ndilo neno pekee nililokuwa na uhakika nalo).

Wiki ya kwanza nikakuta kibao juu ya kitanda cha mzee mmoja Mhindi: NIL BY MOUTH. Nikajiambia, huyu ndiye Bwana Nil, na hayo mengine labda ni jina la babake. "Habari ya asubuhi, Bwana Nil!" Akanitazama, akatazama kibao, akatabasamu, akanyoosha mkono. Nikamjazia kikombe na mkate wa siagi juu.

Afadhali ningeishia hapo. Lakini kitanda cha pili kilikuwa na kibao kilekile, na madaktari ndio hao wanaingia, nami kwa kutaka kuonekana mchangamfu nikapaza sauti, "Kumbe Bwana Nil umelazwa na ndugu yako!"

Wadi nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Sista, msimamizi wetu, aliyekuwa ameona kikombe.

"Rispa! Hiyo ni kusema asitie kitu mdomoni! Huyu anapasuliwa saa nne!"

Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake. Kazi niliiona ikiota mbawa, lakini kilichoniliza, birika mkononi, ni kwamba ningeweza kumuua mzee wa watu kwa chai.

"Sista, wacha yeye," mzee akasema. "Kusoma mimi najua. Mimi naogopa kisu. Naona chai, nasema, wacha nikunywe, leo hawatapasua."

Sista akanigeukia, akaniambia, "Kesho, kabla ya kushika birika, utanisomea vibao vyote." Na mchana ule alinifundisha mwenyewe, neno kwa neno.

Asubuhi nikavisoma kwa kidole. "Chai iko wapi?" mzee akanong'ona. "Leo hakuna, Bwana Nil." "Basi shika mkono." Nikaushika mpaka wakamsukuma kwenda kupasuliwa.

Tangu siku hiyo neno nisilolijua nauliza, hata mbele ya madaktari, wacheke wakitaka.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, mzee akaniita, akaonyesha ukutani. "Mama Rispa, soma."

Nikatazama. Kibao kimetolewa. "Hakuna kitu, Bwana Nil."

"Basi lete chai."