Mama na Ndugu wa "Saba"

Jamani, leo mama yangu amenishinda isimu sebuleni kwake, Flemingdon Park, huku ughaibuni!

Kesho nawasilisha darasani, nikaona nifanyie mazoezi mbele yake na jirani yetu Bi Gulshan, Mgujarati mzaliwa wa Mwanza.

Nikawaeleza kwamba "seven" ya Kiingereza na "saat" ya Kigujarati ni ndugu. Mzazi wao ni neno la kale sana ambalo halikuandikwa popote. Wataalamu wamelinganisha watoto wake, wakakadiria lilikuwa "septm".

"Kwa hiyo unasomea kukisia?" mama akauliza.

(Chekeni tu.)

Halafu uso ukamng'aa. "Na saba yetu je? Gulshan, kumbe sisi ndugu!"

Ikabidi niseme ukweli. "Hapana, mama. Saba tuliichukua kwa Waarabu. Sita na tisa pia."

Nilijisikia vibaya, wenzangu.

"Sasa mpaka kumi, zetu wenyewe ni zipi?" mama akauliza.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi."

Bi Gulshan alikuwa anahesabu kwa vidole. Akaanza kucheka.

"Mama yangu, mbona ziko saba!"

Wamegongeana viganja kama wasichana. Mimi nimefunga kompyuta.

Nyie mngejibu nini?